Senti Saba Nyepesi

Wangui mwanangu,

Zile senti za Cucu ulizozitafuta wiki nzima hazijapotea. Hukuziangusha, hukuzisahau hosteli, wala hakuna panya aliyezibeba. Nilizichukua mimi, mama yako, kutoka kwenye kile kikebe chako cha vifaa vya hesabu, Jumapili moja ukiwa kanisani. Sita ziko Nairobi, na Ijumaa hii zinatumwa ng'ambo kupigwa mnada.

Nimeanza na hilo kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitazungukazunguka mpaka karatasi iishe, kisha nikuandikie mwishoni kwamba Mungu akutangulie, na wewe uende Voi ukiamini kwamba ulipoteza kitu cha nyanya yako. Siwezi kukuacha uende hivyo.

Saa hizi ni saa kumi jioni, mvua imetulia, na wewe uko Karatina unasukwa. Umeniambia ni zile nyuzi ndogo ndogo, kwa hivyo sina haraka, maana msusi wako ana maneno mengi kuliko vidole. Begi lako nimelifunga. Sitakuambia ulale ndani ya neti, wala uchemshe maji, wala usimwamini mwenye nyumba. Mtu anayekwenda kuanza kazi ya maabara hospitalini anayajua hayo kunishinda. Nataka kukuambia usilolijua, na nimelificha kwa miaka mitano.

Cucu alinipa kopo lake wiki tatu kabla ya kufariki. Wewe ulikuwa shuleni, kidato cha tatu. Nilikuwa nimemaliza kumwosha miguu, akaniambia nivute kopo la majani ya chai lililokuwa chini ya kitanda. Nikalivuta. Lilikuwa zito, na ndani hamkuwa na chai bali pesa za kikoloni, shilingi za simba na senti zenye tundu katikati.

"Mama Mwangi," akasema, "hii kopo ni ya Wangui. Yote. Usigawanye."

"Na Mwangi, Mama?"

"Mwangi ako na shamba ya babake. Hii inafuata jina."

Unajua jinsi majina yetu yanavyotembea. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hivyo jina linatoka kwa nyanya, linampita mama, linatua kwa mjukuu. Cucu alipewa zile pesa na nyanya yake, naye aliitwa Wangui. Sasa zilikuwa zinakuja kwako. Ndiyo maana marehemu baba yako alikuwa akikuita "maitũ", mama yangu, hata ukiwa na kamasi hadi kidevuni, nami nilikuwa nikicheka sana.

Siku hiyo ya kopo sikucheka. Nilikuwa nimemlisha Cucu kwa kijiko miaka miwili. Nilimgeuza usiku na mchana asitokwe na vidonda mgongoni, nikavumilia ulimi wake, nawe unaujua ulimi wa nyanya yako. Halafu kopo likanipita hivyo, kana kwamba mimi ni mlango tu. Niliona wivu, Wangui. Ni wivu wa mtu mzima kwa mtoto wake wa kumzaa. Nimeutafutia jina zuri kuliko hilo, nimekosa.

Kwa hivyo nilinyamaza. Tulimzika Cucu, ukalia, ukarudi shule, na mimi nikaliweka kopo juu ya kabati nyuma ya mablanketi. Hakuna mwingine aliyeyasikia maneno yake, na mtu akiwa shahidi peke yake hujaribiwa sana.

Ndipo Mwangi akaugua kule mlimani. Unakumbuka walivyomteremsha hadi Naro Moru na mapafu yamejaa maji, kwa sababu ya kubebea wageni mizigo na kukubali kupanda tena kabla hajapumzika. Nilipomwona midomo yake imekuwa ya zambarau niliapa kwamba ndugu yako hatapanda tena mlima huo. Nilitaka nimfungulie duka la mbolea na dawa za mifugo pale Chaka. Nilikuwa na kila kitu cha kufungulia duka isipokuwa pesa.

Mwalimu mmoja mstaafu tuliyekaa naye kwenye mkutano wa wakulima ndiye aliyeniambia kuhusu mnada. Kuna ofisi Nairobi, akasema, inayopokea pesa za zamani kwa niaba ya nyumba ya mnada ya ng'ambo. Hawazinunui hapo hapo. Unawakabidhi, wanazipeleka kwa wataalamu zipimwe, zipewe daraja na cheti, zifungwe moja moja kwenye kasha gumu la plastiki, kisha ndipo zinapigwa mnada. Nikamwambia, "Hiyo ni kahawa."

Na kweli, kwangu mimi ilikuwa kahawa. Miaka ishirini na miwili nimefanya kazi faktori. Unajua mwenyewe, kahawa ikishamenywa inapitishwa kwenye mfereji wa maji, iliyo nzito inazama na iliyo nyepesi inaelea inakwenda mwisho kabisa. Nzito ndiyo inayoleta bei. Nyepesi ni ya kuchanganya na takataka. Nilikuwa najulikana kwa hilo. Meneja alikuwa akiniita hata siku yangu ya mapumziko, "Kuja uangalie hii, Mama Mwangi, wewe uko na jicho."

Basi nikamwaga kopo mezani, nikafanya nilichofundishwa na mfereji. Nilizipima kwenye kiganja moja moja. Shilingi za simba, nzito, upande huu. Sumuni, upande huu. Zikabaki saba nyeupe, ndogo, zenye tundu, nyepesi mpaka nikadhani ni za kuchezea watoto. Nikasema hizi ni za kuelea. Sikuuliza mtu yeyote, kwa nini niulize na jicho ninalo?

Ulipofunga shule nilikuita nikakupa zile saba. Nikakuambia, "Cucu alikuachia hizi." Ulizipokea kwa mikono miwili.

Ukaniuliza, "Ni hizi tu alikuwa nazo, Mum?"

"Ni hizi tu."

Nimesema uongo mwingi maishani, kama kila mama. Nimewahi kukuambia nimeshiba wakati sijashiba. Lakini huo wa siku hiyo haukuwa wa aina hiyo, na nilijua nikiwa bado ninausema.

Zile nzito nilizipeleka Nairobi mwaka jana tu, ukiwa tayari chuoni. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja ghorofa ya tatu, na anayeiendesha anaitwa Bwana Wafula, mtu mpole, mwenye glavu nyeupe kama za bendi. Alitandaza kitambaa, akazipiga picha. Akanipa fomu. Akaniuliza, "Ni zako, Mama?" Nikasema ni zangu. Akanionyesha mahali pameandikwa kwamba anayetia sahihi ndiye mwenye mali, nikatia sahihi kwa mwandiko wangu mzuri wa faktori.

Miezi ikapita. Akanipigia simu kunieleza kwamba shilingi za simba ni za kawaida, zimelika kwa kushikwashikwa, na kuzipimisha kungegharimu zaidi ya bei yake. Ananirudishia. Lakini kabla sijaenda kwake nilikuwa nimemtumia picha ya meza nzima kwa simu, na zile saba zilionekana pembeni kabisa, karibu na kikombe changu.

"Mama, hizo ndogo nyeupe ziko wapi?"

"Hizo ni nyepesi," nikamwambia.

"Ndiyo, Mama. Hizo nyepesi ndizo natafuta."

Akanieleza kwa upole, nami nikasikiliza nikiwa nimesimama katikati ya sukuma wiki. Ni senti za mwanzo mwanzo kabisa za wakoloni. Watu wa wakati huo walizikataa kwa sababu hiyo hiyo ya wepesi, wakisema pesa gani hii haina uzito. Nyingi zilitupwa, na zilizobaki zililiwa na unyevu. Ndipo nikakumbuka Cucu akisimulia kwamba nyanya yake alilipwa senti ambazo hakuna duka lililozipokea, akakaa nazo tu. Kwa kuwa hazikununua kitu hazikulika, na majani ya chai yakazitunza kavu. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo mara kumi nikimwosha Cucu, na sikuwahi kusikiliza.

Hapo ndipo ningekuja kwako. Ulikuwa chumba cha pili, umefungulia redio. Ningesema, Wangui, senti zako zina thamani, na kopo lote ni lako, nisamehe. Badala yake nilingoja Jumapili. Nilijisingizia kichwa kinauma, ukaenda kanisani peke yako, na mimi nikafungua kikebe chako. Nilijiambia kwamba nitakushangaza baadaye kwa zawadi. Wangui, mtu akianza kujiambia mambo mazuri hivyo, ujue mkono wake tayari uko ndani ya kikebe cha mwenzake.

Sita zimepimwa zikapewa daraja la juu. Ya saba ilikataliwa kwa sababu ina alama ya jino. Kuna Wangui mmoja kati yenu aliiuma kuona kama ni pesa ya kweli. Bwana Wafula ameirudisha, nami nimeitia katika bahasha hii.

Wiki hii ulipoanza kufunga mizigo ukazitafuta. Uligeuza godoro, ukachekecha vumbi la chini ya kitanda kwa mikono. Ukanijia jikoni, "Mum, hujaona zile senti za Cucu? Nilikuwa nataka kuenda nazo."

Nikakuambia, "Ati senti gani?" Halafu nikaongeza, na hili ndilo linaloninyima usingizi, "Angalia vizuri, wewe hupoteza vitu."

Juzi ukakaa kwenye kile kigoda ukasema, "Mimi ni mjinga, Mum. Cucu aliniachia kitu moja tu na nimeshindwa kuichunga." Ukalia. Na mimi nikaendelea kumenya viazi. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Ulikuwa umekaa naye meza moja.

Hujapoteza kitu. Wewe hupotezi vitu. Nataka uyasome hayo mara mbili.

Jana Bwana Wafula alinipigia tena. Anaandaa kitabu cha mnada, na wanunuzi hupenda kujua sarafu imetoka kwa nani hadi kwa nani. "Niandikie historia yake kidogo, Mama, hata ukurasa nusu." Nikakaa na kalamu. Nikaandika kwamba zilikuwa za mwanamke wa Nyeri aitwaye Wangui, ambaye alimpa mjukuu wake Wangui, ambaye alimpa mjukuu wake. Hapo kalamu ikakwama. Hakuna mahali pa kuliweka jina langu. Nilijaribu kwa kila njia, na kila sentensi ilitoka na jina lako. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye karatasi hiyo.

Nimekuwa nikijiuliza ni lini nilianza kukufanyia hivi. Ulizaliwa kwa miezi saba. Tulikupima kwenye mizani ya kahawa, ukiwa umefungwa kwa kitenge, maana zahanati ilikuwa imefungwa na nilitaka kujua. Mshale haukusogea sana. Mama wa jirani akasema pole, na mimi nikakubali ile pole nikaiweka moyoni. Tangu hapo nilikuhurumia, nikidhani kwamba ndiko kukupenda. Mwangi nilimtarajia mambo makubwa mpaka nikamchosha. Wewe sikukutarajia chochote. Matokeo yako ya kidato cha nne yalipotoka, nilimwuliza mwalimu wako kando kama hawajachanganya majina. Ulikuwa umesimama mlangoni, na nadhani ulinisikia, kwa sababu ulinyamaza njia nzima hadi nyumbani. Sitaki kufananisha mtoto na sarafu, hayo nawaachia wahubiri. Nasema tu kwamba nilikukosea kabla ya senti, na senti zilifuata njia niliyokwisha kuikanyaga.

Unakwenda kazi ya kuangalia damu za watu kwa darubini, na jicho unalo, umelirithi kwangu, hilo utanikubalia. Lakini jicho lina kiburi. Likishasifiwa halitaki kuangalia mara ya pili. Ukiona kitu na ukajua papo hapo ni nini, rudia. Na siku utakapokosea, utakosea tu, useme siku hiyo hiyo kabla kosa halijapata watoto. Mimi nilingoja, na sasa yangu yana wajukuu.

Sasa sikiliza mambo yalivyo. Nimemwambia Bwana Wafula ukweli kwa simu. Amesema anaweza kubadilisha fomu mwenye mali akifika mwenyewe na kitambulisho, na barua yangu iliyogongwa muhuri, kabla ya Ijumaa. Zikishapanda ndege hawezi kuzirudisha. Leo asubuhi nilikwenda kwa chifu. Barua ilibidi aisome, na aliisoma mara mbili, akanitazama juu ya miwani. Nimeimba kwaya moja na mke wake miaka mingi, kwa hivyo kufikia Jumapili waumini wote watakuwa wanajua. Wacha wajue.

Barua hiyo ya muhuri iko katika bahasha hii, na anwani ya ofisi iko nyuma yake. Basi lako la Voi linatoka Nairobi jioni, una mchana mzima. Ukitaka ziuzwe, tia sahihi yako, na malipo yatakuja kwa jina lako. Ukitaka kuondoka nazo, zichukue uende nazo. Gharama za kuzipima ni zangu, nimekwisha kuongea naye, usikubali kuulizwa. Kopo na shilingi za simba nitakukabidhi mwenyewe kabla hujaondoka. Usinipigie kuniuliza ninaonaje. Nimeona vya kutosha.

Mwangi pia nimemwambia. Alikuwa anafunga kamba za viatu. "Ati ulifanya hiyo juu yangu?" akasema. "Mimi sijawahi kukuambia nataka duka, Mum. Mimi napenda mlima." Kumbe hata yeye sikumwuliza. Nilimwibia mtoto mmoja nimpe mwingine kitu asichokitaka.

Nikuambie na hili la mwisho. Nilipoanza kuandika nilikuwa na mpango. Ningeitumbukiza barua hii chini kabisa ya begi lako, chini ya koti jeupe, halafu nikutumie ujumbe ukishapita Sagana, nikuambie uitafute. Ungesoma ukiwa mbali, ukilia kwenye dirisha la gari, na mimi ningekuwa hapa nimejifungia na kazi za nyumba. Nimetenda mengi ukiwa hupo. Nilipokea kopo ukiwa hupo, nikaligawa ukiwa hupo, nikafungua kikebe chako ukiwa unaimba kanisani.

Kwa hivyo siiweki kwenye begi. Kesho nitaamka kabla yako, nitapika chai, nitakupa barua hii mkononi, na nitakaa kwenye kiti cha mbele yako mpaka uimalize. Sitasimama kuangalia moto, wala sitajifanya nina kitu cha kufua. Ukifika mstari huu, Wangui, inua macho. Niko hapa. Niulize unachotaka.